Mtoto Anayelia Akienda Haja Ndogo

Hotuba ya mratibu wa dawati la afya kwa kamati za parokia na wafadhili waliotutembelea Migato, wilayani Itilima, mkoani Simiyu. Tunaichapisha kwa ombi la wajumbe.



Nimepewa nafasi ya kuzungumza kabla hamjaingia kwenye kikao cha kupanga matumizi. Nimeambiwa niseme juu ya mawe ya kibofu cha mkojo, jinsi ya kuyazuia na jinsi ya kuyatibu. Naomba mniwie radhi mapema, maana nitatumia maneno ya wazi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Katika ugonjwa huu, mficha uchi pia huchelewa kupona.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa tabibu kijana katika zahanati moja ya kijijini, mama alimleta mtoto wa kiume wa miaka minne hivi. Alisema mtoto analia kila akienda haja ndogo. Nikampa dawa ya kutibu maambukizi ya njia ya mkojo. Baada ya wiki tatu akarudi, nikampa dawa nyingine. Akarudi mara ya tatu, nikaandika yale yale. Mara ya nne hakuja. Baadaye nilisikia kwamba alihangaika kwa waganga wa kienyeji, kisha ndugu zake wakachanga nauli, mtoto akapelekwa hospitali kubwa. Huko alipasuliwa na kutolewa jiwe lenye ukubwa wa yai la njiwa. Namshukuru Mungu alipona.

Siku moja nilikutana na mama yule mnadani. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa nini mara zote tatu sikumtazama mtoto akikojoa. Sikuwa na jibu. Ningemtazama, ningeona dalili ambazo leo nataka kila mjumbe aondoke nazo kichwani.

JIWE LINATOKA WAPI

Mkojo wetu una chumvichumvi nyingi zilizoyeyuka. Mkojo ukiwa mwepesi, chumvi hizo hutoka nje bila shida. Mkojo ukiwa mzito kwa sababu mtu hanywi maji ya kutosha, au ukikaa kibofuni bila kutoka wote, chumvi huanza kugandamana. Kwanza ni kama mchanga, halafu punje ya mtama, halafu jiwe. Tazameni sufuria mnayochemshia maji ya kisima kila siku. Ule ukoko mweupe unaojijenga taratibu chini yake unatoa mfano mzuri.

Kwa watu wazima, hasa wazee wa kiume, sababu ya kawaida ni tezi dume iliyokua na kubana njia ya mkojo. Mzee hukojoa kidogo kidogo, na mkojo mwingine hubaki ndani. Sababu nyingine ni njia ya mkojo iliyosinyaa kwa makovu, maambukizi yanayojirudia, au mpira wa mkojo uliokaa muda mrefu bila kubadilishwa.

Kwa watoto wadogo, sababu kubwa ni chakula na maji. Mtoto anayelishwa nafaka tupu tangu uchanga, bila maziwa wala chakula kingine cha kujenga mwili, tena anayeharisha mara kwa mara na kukaukiwa maji, mkojo wake huwa na hali inayorahisisha jiwe kujengeka.

Kwa sisi wa nyanda hizi za Usukuma ipo sababu nyingine tuliyoizoea mno, nayo ni kichocho.

KICHOCHO SIYO DALILI YA KUKUA

Nilipokuwa mtoto nikichunga ng'ombe, tulioga na kunywa katika lambo moja na mifugo. Wengi wetu tulikojoa damu. Wakubwa walicheka wakasema sasa mmekua. Nami niliamini hivyo mpaka niliposoma utabibu.

Damu ile ilikuwa ya minyoo. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliigundua Cairo, Misri, mwaka 1851. Minyoo hii hukaa katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu na kutaga mayai kila siku. Baadhi ya mayai hutoboa ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo pamoja na damu. Mkojo ukiingia kwenye lambo au dimbwi, vijidudu huanguliwa na kuingia ndani ya konokono wadogo wa majini. Baada ya wiki kadhaa hutoka kwenye konokono wakiwa wengi na kuogelea wakitafuta ngozi ya mtu. Mtoto akisimama majini kwa dakika chache tu, wanaweza kumwingia bila yeye kujua.

Mayai mengine hayatoki. Hunasa katika nyama ya kibofu, na mwili huyazungushia makovu. Mwaka hadi mwaka kibofu hukakamaa, mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo huziba, mkojo hutuama, maambukizi huingia, na mawe hupata mahali pa kujengeka. Figo nazo zinaweza kuharibika. Tangu mwaka 1994 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani imeuweka mnyoo huu katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, yaani saratani ya kibofu. Kwa akina mama, mayai haya huweza kuleta vidonda katika njia ya uzazi, ambavyo mara nyingine huchukuliwa kimakosa kuwa magonjwa ya zinaa. Ndoa zimeingiwa na ugomvi kwa sababu ya ugonjwa ulioanzia lamboni.

DALILI ZA KUTAZAMA

Ndugu wajumbe, mnapotembelea familia katika jumuiya zenu, ulizeni na kutazama haya:

Kwanza, mtoto anayelia, kurukaruka au kujikunja akikojoa. Mtoto wa kiume mwenye jiwe mara nyingi huvuta uume wake kwa sababu ya maumivu. Watu humchapa wakidhani ni tabia mbaya. Asichapwe, apelekwe hospitali.

Pili, mkojo unaokatika ghafla ukiwa unatoka. Jiwe huviringika na kuziba mlango wa kibofu. Mtu akijigeuza au kulala, mkojo hutoka tena.

Tatu, damu kwenye mkojo, hasa mwishoni mwa kukojoa. Hata kama haina maumivu, siyo jambo la kawaida kwa mtoto wala kwa mzee.

Nne, kwenda haja ndogo mara kwa mara, kidogo kidogo, mchana na usiku, au mkojo mzito wenye harufu kali.

Zipo dalili za hatari ambazo hazisubiri Jumapili: mkojo kugoma kutoka kabisa, tumbo kuvimba chini ya kitovu, au maumivu pamoja na homa kali na kutetemeka. Mgonjwa wa namna hii apelekwe siku hiyo hiyo.

TIBA

Vipimo siyo vigumu. Mkojo hupimwa kwa hadubini. Kwa kichocho, ni vizuri mkojo uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi. Jiwe huonekana kwa kipimo cha altrasaundi, na mengi huonekana pia kwa picha ya eksirei.

Kijiwe kidogo kinaweza kutoka chenyewe mgonjwa akinywa maji mengi. Jiwe kubwa lazima litolewe. Katika hospitali zenye vifaa, daktari huingiza chombo chembamba kupitia njia ya mkojo, akalisaga jiwe na kulisafisha. Mahali pasipo na vifaa hivyo, na kwa watoto wengi, hufanyika upasuaji wa wazi kupitia mkato mdogo chini ya kitovu. Mgonjwa hukaa na mpira wa mkojo kwa siku kadhaa mpaka kidonda cha kibofu kipone. Ni upasuaji uliozoeleka. Wagonjwa wetu huanzia kwenye hospitali ya mkoa iliyoko Bariadi, na wale wanaohitaji mabingwa hupewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, hospitali ya Kanisa iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayoendeshwa kwa ushirikiano na serikali.

Naomba nieleweke kuhusu mizizi na majani. Siwadharau waganga wetu. Ila jiwe la kibofu lililokwisha kuwa kubwa halivunjwi na dawa ya kuchemsha nyumbani. Tatizo kubwa la dawa hizo ni muda unaopotea jiwe likiendelea kukua na figo zikiumia.

Tena, kutoa jiwe bila kuondoa chanzo ni kazi nusu. Kama ni tezi dume itibiwe, kama ni kichocho apewe dawa, kama ni maji na chakula familia ifundishwe. La sivyo, jiwe hurudi.

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, vidonge vinavyomezwa siku moja kwa kipimo kinacholingana na uzito au urefu wa mtu. Tangu mwaka 2007 kampuni ya Merck ya Ujerumani imekuwa ikitoa dawa hii kama msaada kupitia Shirika la Afya Duniani, na watoto wetu huipata shuleni. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2022 unashauri kwamba mahali penye ugonjwa mwingi, dawa isiishie kwa wanafunzi, bali itolewe kwa watu wote kuanzia umri wa miaka miwili, wazazi wakiwemo.

Hapa kamati za parokia zina kazi. Mwaka 2008 huko Morogoro, baadhi ya wanafunzi walijisikia vibaya baada ya kumeza dawa hii. Uvumi ukaenea kwamba watoto wanakufa, wazazi wakakimbilia shuleni kwa hasira, na ugawaji ukasimama. Dawa hii huweza kuleta kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya tumbo kwa muda mfupi, hasa mtoto akiimeza na njaa. Mtoto akila kwanza, na mzazi akielezwa kabla, hofu hupungua sana. Bakuli la uji na tangazo baada ya misa vinaweza kuokoa zoezi zima la dawa.

UGONJWA HUU UNAWEZA KUKOMA

Wageni wetu kutoka Ulaya wanaweza kushangaa kusikia kwamba mawe ya kibofu yalikuwa ugonjwa wa watoto wao pia. Mashariki mwa Uingereza, hospitali ya Norfolk na Norwich, iliyoanzishwa mwaka 1771, ilijulikana kwa kuwapasua wagonjwa wa mawe haya, na wengi wao walikuwa watoto wa maskini. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huu kwa watoto ulikuwa umepungua mno huko. Haikugunduliwa dawa yoyote ya kuyeyusha mawe. Watoto walianza kula vizuri zaidi na kupata maziwa.

Katika miaka ya 1960, watafiti walifanya kazi katika jimbo la Ubon, kaskazini mashariki mwa Thailand, ambako watoto wengi wa vijijini walikuwa na mawe ya kibofu. Walikuta kwamba akina mama wa vijijini waliwalisha watoto wachanga wali uliotafunwa, tangu siku za mwanzo za maisha yao. Mjini, ambako watoto walilishwa tofauti, ugonjwa ulikuwa haba.

Somo kwetu liko wazi. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Uji wa mtama au wa mahindi usimwingie mdomoni kabla ya hapo. Baada ya miezi sita aendelee kunyonya, na uji wake utiwe maziwa, karanga zilizosagwa au dagaa. Sisi ni wafugaji. Ni aibu maziwa ya ng'ombe wetu kuuzwa yote huku mtoto wa nyumba hiyo akinywa uji mtupu. Watoto wakubwa nao wapate kunde, mayai, nsansa na matunda, wasiishie kwenye ugali na michembe.

Kuhusu maji, kipimo rahisi ni rangi ya mkojo. Ukiwa mweupe au wa njano hafifu, unakunywa vya kutosha. Ukiwa wa njano nzito kama chai ya rangi, ongeza maji. Mtu mzima anayefanya kazi juani wakati wa kuchuma pamba anahitaji lita tatu au zaidi kwa siku. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo afuate ushauri wa daktari wake.

TATIZO LENYEWE NI NDOO

Lakini ndugu zangu, nikimwambia mama wa hapa anywe lita tatu, na watoto wake watano wanywe vya kutosha, nimemwambia nini? Nimemwambia abebe ndoo moja zaidi kichwani. Wakati wa kiangazi mama huyo huamka usiku kwenda kufukua mchanga wa mto uliokauka. Watu wanakunywa kidogo kwa sababu maji ni ya shida. Mabinti shuleni wanajizuia kunywa kwa sababu choo hakina mlango. Watoto wanaoga lamboni kwa sababu hakuna mahali pengine. Mahubiri yangu hayawezi kubadilisha hayo kama kisima ni kibovu.

Wazee wenzangu mnakumbuka. Mwaka 1974 hadi 1978, mkoa wa Shinyanga, ambao sehemu hii ilikuwa chini yake mpaka Simiyu ilipoanzishwa mwaka 2012, ulichimbiwa visima vifupi vingi vya pampu za mkono kwa msaada wa Uholanzi. Maji yalitoka, watu wakashangilia. Kisha visima vingi vikafa kimoja kimoja. Mara nyingine kilichokosekana kilikuwa kipande cha ngozi au cha mpira ndani ya pampu, na mtu wa kukibadilisha. Watu wakarudi lamboni, na konokono walikuwa bado wapo.

Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mpango mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani Simiyu, Itilima ikiwemo. Tunaushukuru na kuuombea. Hata hivyo, bomba kubwa halifiki kila kitongoji, na bomba nalo huharibika lisipotunzwa. Kisima kilichopo leo kilindwe leo.

Wafadhili wetu wameniuliza jana, kwa nini tunaomba fedha za vipuri badala ya kisima kipya. Najibu mbele ya wote. Kisima kipya kina picha nzuri na kibao chenye jina. Kipuri hakina picha. Lakini pampu moja iliyolala inarudisha kitongoji kizima lamboni. Kama mna fedha za kisima kimoja kipya, nawasihi kwanza tufufue vile vilivyokufa, na tuwafundishe vijana wawili, wa kike na wa kiume, kila mahali kuvitengeneza.

Kwa wajumbe wa kamati nina maneno magumu zaidi. Najua kwenye kikao cha leo kuna pendekezo la kuongeza ukumbi wa parokia. Sipingi ukumbi. Nauliza tu, mwaka huu kipi kitangulie? Napendekeza mambo manne:

Moja, kila parokia itenge mfuko mdogo wa vipuri, usimamiwe pamoja na jumuiya ya watumia maji ya eneo husika, na hesabu zake zisomwe hadharani kila robo mwaka.

Mbili, vyoo vya shule vilivyo karibu na makanisa yetu viwe na milango na maji, wasichana na wavulana mbalimbali. Mkojo usiofika lamboni haumpi konokono chochote.

Tatu, uwepo mfuko wa nauli ya rufaa. Familia nyingi hazishindwi na upasuaji, zinashindwa na safari na chakula cha anayemuuguza mgonjwa. Tuzihimize pia kaya zijiunge na bima ya afya kabla ya kuugua.

Nne, kila jumuiya imteue mtu mmoja wa kufuatilia afya, atakayejua dalili nilizozitaja na kutoa taarifa zahanati bila kutangaza siri za watu.

Na mpaka maji salama yafike, tufundishane jambo moja rahisi. Maji ya lambo yakitunzwa kwenye chombo chenye mfuniko, bila konokono ndani, kwa siku mbili, vijidudu vya kichocho hufa, na maji hayo yanaweza kuogewa. Ya kunywa yachemshwe. Mchana wa jua kali ndio wakati vijidudu hutoka kwa wingi, hivyo watoto wasichezee majini saa hizo.

Ndugu wapendwa, usipoziba ufa utajenga ukuta. Fedha ya kumpasua mtoto mmoja tutaendelea kuitafuta, maana mtoto aliye mbele yetu hawezi kusubiri visima. Ila tusijivunie watoto tuliowapeleka Bugando kama hatuwezi kusema ni pampu ngapi zinatoa maji.

Mama yule wa mnadani aliniuliza kwa nini sikumtazama mtoto wake. Nawaomba mkitoka hapa, mkatazame. Tazameni watoto wanaokwenda haja ndogo wakilia, tazameni lambo, tazameni pampu. Halafu mwingie kwenye kikao mkapange matumizi.